Mama Aliyefariki, Mama Anayeumwa

Chuo kiliniuliza, kwa adabu zote, mama yangu hufariki mara ngapi.

Hawakuandika hivyo, bila shaka. Watu wa ofisini wana lugha yao, laini kama uji wa mgonjwa. Walisema wamepokea ombi langu la kusogezewa mbele tarehe ya kukabidhi utafiti ili nisafiri kumuuguza mama. Walisema wananipa pole. Kisha wakasema kumbukumbu zao zinaonyesha kwamba mama yangu alifariki nilipokuwa mwaka wa kwanza, na kwamba nilipewa muda wa nyongeza kwa ajili ya msiba huo. Wangeshukuru kama ningefafanua. Mpaka nifafanue, ombi langu lingesubiri.

Nilisoma nikiwa nimesimama jikoni, Edmonton, kaskazini mwa London, na sare ya kazi mwilini, chai ikipoa mkononi. Joto lilinipanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Hasira zangu ziko karibu, na wanaonifahamu hawahitaji kuambiwa. Lakini siku ile hasira ilikuja na mwenzake, woga, na huyo ndiye aliyenikalisha kitini.

Nieleze kwanza nilikuwa nasoma nini, maana hata nyumbani Moshi walichoka kuniuliza. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha Australia, kwa njia ya mtandao, huku nikiishi London na kufanya kazi ya kuwahudumia wazee. Somo lenyewe lilihusu wenyeji wa asili wa nchi ile: historia yao, ardhi yao, sheria zao, na yale waliyotendewa na waliowakuta pale. Watu waliniuliza Mchaga anatafuta nini kwa Waaborijini. Jibu langu lilikuwa fupi. Siku moja ya mapumziko niliingia kwenye jumba la makumbusho hapa London kukwepa mvua tu, nikamkuta mzee wa Kiaborijini anazungumza juu ya mifupa ya mababu zao iliyobebwa na kuwekwa kwenye makabati ya Ulaya, na jinsi wanavyoidai irudi nyumbani ikazikwe. Kwetu Kilimanjaro habari ya vichwa vya wazee kupelekwa Ujerumani si hadithi ya kutafuta vitabuni. Nilimsikiliza mpaka koti likanikaukia mwilini, na mwaka uliofuata nikajiandikisha.

Vipindi vyetu vilikuwa asubuhi kwangu, jioni kwao. Kila kipindi kilianza kwa mtu kutaja ardhi aliyokaa na wenyewe wa ardhi hiyo, kwa heshima. Zamu yangu ilipofika mara ya kwanza nikasema niko Edmonton, ardhi ya halmashauri na ya mwenye nyumba wangu, ambaye mpaka leo hajatengeneza bomba la bafuni. Nilidhani nimeharibu. Wakacheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mshauri wetu.

Huyu mshauri alikuwa mwanamke wa makamo, Mwaborijini, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya shanga. Alifanya kazi kwenye kituo cha kuwasaidia wanafunzi. Kituo kilianzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa watu wake, lakini sisi tuliosoma kozi ile tulihesabiwa kuwa wake pia. Siku tulipozungumza kwa video mara ya kwanza hakuniuliza namba ya usajili. Aliniuliza watu wangu ni kina nani. Nikamweleza mlima, ukoo, na kihamba cha migomba ambamo babu amezikwa. Akanieleza mto wa kwao na nyanya yake. Tulikuwa tukizungumza Kiingereza, lakini nikimkumbuka huwa ninamsikia kwa Kiswahili, na ndivyo nitakavyomwandika.

Sasa, habari ya mama.

Mama yangu mzazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipoachishwa ziwa alihamishiwa Kondoa, mbali, akaniacha Moshi kwa dada yake mkubwa ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Haikuwa kunitupa, wala haikuwa jambo la kuitia kikao. Mtoto alikuwa wa nyumba, na nyumba ilikuwa na mama wawili. Mama mkubwa alikuwa na cherehani yake karibu na soko, na mimi nilikulia chini ya meza yake nikiokota vipande vya vitambaa. Alinishonea sare zenye pindo refu la kuachiliwa kila nilipoongezeka kimo, hivyo sketi zangu zote zilikuwa na mistari kama ya miwa. Nilimwita mama. Mama mzazi aliporudi kwa likizo na chaki zake na maswali yake, nilimwita Mama Mwalimu, na yeye aliitikia bila kinyongo. Kwa hiyo kama kuna aliyehitaji kuongezewa neno ili ajulikane, alikuwa yule aliyenizaa.

Mama mkubwa alifariki mwaka wangu wa kwanza wa masomo. Viza yangu ilikuwa ofisini ikisubiri kuhuishwa, sikuweza kusafiri. Niliombolezea Edmonton. Watu wa kanisani walikuja kukaa nami wamebeba chapati na chupa za chai, viatu vikajaa ngazini hata jirani akadhani ni sherehe. Nikaiandikia ofisi ya ruhusa ya chuo sentensi moja: mama yangu amefariki. Sikuifikiria mara mbili. Ningeandika nini kingine?

Mshauri alinipigia siku hiyohiyo. Aliniuliza kwanza kama kwetu inaruhusiwa kulitaja jina la marehemu, kwa sababu kwao hulifunika kwa muda, hata picha huziondoa ukutani. Nikamwambia kwetu ni kinyume chake kabisa, sisi tunachapisha picha ya marehemu kwenye fulana na kuivaa. Akasema, "Basi niambie jina lake." Nilimwambia, akalirudia polepole, kisha akaningoja mpaka nilipokuwa tayari kuzungumza. Hakuniuliza lolote zaidi. Tangu siku ile nilimpenda kama mtu wa nyumbani.

Ndiyo maana woga uliniingia nilipoisoma ile barua pepe. Mdogo wangu alikuwa amepiga simu kutoka Moshi: Mama Mwalimu ana uvimbe tumboni, atafanyiwa upasuaji, na amekataa kuingia chumba cha upasuaji mpaka anione. Utafiti wangu ulikuwa umebaki sura ya mwisho. Nisipokabidhi kwa tarehe, ningefeli na kuondolewa kwenye kozi, maana nilishatumia muda wangu wote wa kawaida. Nikikaa kumalizia, mama angebaki kitandani akiutazama mlango. Na juu ya yote hayo, mahali fulani Australia palikuwa na mtu anayeniona mwongo aliyemuua mama yake ili apate muda wa kuandika insha, kisha akasahau, akamfufua ili sasa augue. Na mshauri angelisikia hilo.

Rafiki yangu wa karibu London ni Mkenya, nesi, mtu wa Nakuru, anaishi Hayes. Hana dogo. Alikuja Jumamosi, akavua viatu, akaisoma barua pepe kwenye simu yangu huku akila karanga zangu.

"Wee! Sasa wewe uliwaambia mamako amekufa na hajakufa?"

"Mama yangu alifariki. Ulikuja msibani, ulikaanga chapati hapa hapa."

"Najua. Lakini kwa English yule ni aunt. Si uwaambie tu ilikuwa aunty? Sema ulikuwa confused, grief na nini, uombe msamaha, yaishe. Hao watu wa ofisi utawaelezea mama mkubwa mpaka lini?"

"Aunty ni yule anayenisuka nywele Tottenham."

"Shauri yako. Mimi nilipofiwa na tata, dada ya mamangu, niliandika aunt kwa fomu ya kazi, wakanipa siku moja. Moja! Lakini hakuna mtu aliniita mwongo."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Alipoondoka niliosha vyombo kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika. Kulikuwa na njia rahisi, na njia hiyo ilitaka nimshushe cheo mtu aliyelala kaburini. Kosa lake lilikuwa nini? Kunibeba mgongoni? Kuna siku nilipata homa ya malaria akanibeba hivyo mpaka zahanati, na mimi nimeshakuwa mkubwa, miguu yangu inaburuza. Anti habebi hivyo. Nililia kwenye sinki, na sioni haya kusema.

Lakini nilimfikiria pia yule aliye hai. Alikuwa amelala Moshi na uvimbe wake, ananingoja. Marehemu haumii tena, nilijiambia, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kunifukuza: nenda kwa mdogo wangu, acha ujinga. Ndivyo nilivyoamua. Nilimwandikia mshauri kuomba tuzungumze, na kwenye basi la kwenda kazini nikawa ninafanya mazoezi ya sentensi yangu: yule wa kwanza kwa kweli alikuwa anti. Kwa Kiingereza ni neno moja tu, fupi, linapita kooni bila shida. Nilirudia mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka.

Asubuhi ya mazungumzo niliweka kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, kama kawaida yangu, kwa sababu chumba hakina nafasi ya meza nyingine. Nilivaa blauzi ya kanisani. Nje treni ya Overground ilipita, vikombe vikatetemeka. Mshauri akatokea kwenye kioo na miwani yake kifuani, nyuma yake dirisha lenye jua la jioni.

"Nimesikia mama anaumwa," alisema.

Nikasema ndiyo. Nikasema kabla hatujafika huko kuna jambo nataka kulinyoosha. Nikasema kuhusu yule wa kwanza, yule aliyefariki, kwa kweli alikuwa. Nikakwama. Nilijaribu tena: yule alikuwa. Ukutani, juu ya kompyuta, palikuwa na picha yake amevaa gauni la zambarau aliloshona mwenyewe, anacheka, meno yote nje. Nilikuwa nimesahau kuiondoa.

Mshauri alisubiri. Kisha akainama karibu na kamera, akavaa miwani, akauliza kama mtu anayeuliza njia:

"Huyu anayeumwa sasa, ni mama aliyekukuza au mama aliyekuzaa?"

Sijui niseme vipi kilichonipata. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ya ile barua pepe. Mabega yalishuka. Nikasema, aliyenizaa. Aliyenikuza ndiye yule aliyefariki.

"Eeh," akasema. "Nilidhani hivyo."

Na basi! Hakuna kilichofuata. Hakuna mchoro wa ukoo, hakuna kiapo. Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na pua ikanitoka mbele ya mtu mzima, nikajifuta kwa mkono wa blauzi ya kanisani. Yeye akaningoja tena. Alikuwa hodari wa kungoja.

Halafu akaniambia ya kwake. Alikuwa na mama wanne, mama yake na dada zake watatu. Watatu kati yao ameshawazika. Zamani, kwenye kazi nyingine, meneja alimuuliza amebakiza mama wangapi, akamjibu, "Mmoja tu, bosi, kaa tayari." Alinikumbusha pia jambo ambalo nililisoma mwaka wa kwanza na kulifanyia mtihani: serikali ilivyowachukua watoto wa watu wake kwenye boma zao, na watu wa ofisi wakiandika kwamba mtoto hana mama wa kumlea, wakati mama wawili au watatu wamesimama pale pale wanalia. Nililijua hilo, nilikuwa nimelipatia maksi nzuri. Lakini nilikuwa nimelisoma kama jambo la watu wengine.

Kwa sababu hiyo, alisema, kituo chao kilipigania kifungu kwenye taratibu za chuo, kwamba familia ya mwanafunzi ni ile ambayo watu wa mwanafunzi mwenyewe wanaihesabu kuwa familia. Wanafunzi wa watu wake hawaulizwi tena. Kijana wa ofisi ya ruhusa alikuwa mgeni, akadhani kifungu ni chao peke yao, na kwamba hakimhusu mtu wa Tanzania aliyekaa London. "Si kijana mbaya," alisema. "Ana mama mmoja tu, maskini."

Tulicheka mpaka nikasahau kuuliza kama ombi limekubaliwa. Alipokwisha kucheka akasema ameshazungumza na yule kijana, tarehe imesogezwa, na kijana ameomba radhi. Kisha akasema kijana ameuliza kama wasahihishe ile kumbukumbu ya mwanzo, waandike labda mlezi, au ndugu, isije ikaleta utata tena.

"Hapana," nikasema. "Msimfute. Ongezeni huyu."

Akaandika. Nilimsikia akibonyeza vitufe taratibu, na kila kitufe kilipolia niliona kama mtu anafungua dirisha kwenye kile chumba changu. "Sasa una mama wawili chuoni," akasema. "Nenda kwa yule anayekungoja."

Nilipompigia rafiki yangu Mkenya nilimweleza yote. "Kumbe ungeweza tu kusema ukweli," akasema. Halafu, kwa sauti nyingine, "Next time mimi pia naandika mamangu. Waniulize." Kwa kuwa Heathrow iko karibu na kwake, ndiye aliyenisindikiza uwanjani. Alinibebea begi mpaka mwisho wa mstari, akanijazia vidonge vya maumivu vya kumpelekea mama, kana kwamba Moshi hakuna duka la dawa.

Upasuaji ulikwenda salama. Uvimbe haukuwa wa kutisha, daktari alisema wameutoa wote, na mimi na mdogo wangu tulikumbatiana kwenye korido tukaruka kama watoto hadi nesi akatufokea. Nakumbuka nilinunua soda baridi kwenye kibanda cha nje ya geti nikainywa nimesimama juani, na sijawahi kunywa soda tamu kama ile. Jioni hiyo, kwenye benchi la wodi, nilifungua kompyuta na kuandika kurasa mbili za sura ya mwisho, na ziliandikika zenyewe.

Mama Mwalimu alipopata nguvu ya kukaa alitaka habari zote, kwa mpangilio. Hata na mshono tumboni alikuwa mwalimu. Nikamweleza ile barua pepe, na jinsi nilivyokosa usingizi, na meza ya pasi, na mama wa Australia mwenye mama wanne. Nilimweleza pia kwamba nilikaribia kumwita dada yake anti. Hapo nilitazama chini. Alinyoosha mkono akanirekebisha kola, kama nilivyokuwa nikirekebishwa kabla ya kwenda gwaride la shule, akakunja uso.

"Ngoja. Sijaelewa," alisema. "Rudia. Mara ya kwanza uliwaambia nani amefariki?"

"Mama."

"Na mara ya pili ukawaambia nani anaumwa?"

"Mama."

Alinitazama, akamtazama mdogo wangu, akanirudia mimi, kwa uso ule ule aliokuwa nao ubaoni darasa zima linaposhindwa hesabu nyepesi.

"Sasa hapo," akauliza, "kilichowashinda kuelewa ni nini?"